Baada ya Kupasuliwa Mgongo, "Mapumziko" Maana Yake Nini?

Mjomba wangu aliporuhusiwa kutoka hospitali baada ya kupasuliwa mgongo, karatasi aliyopewa ilikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza dawa, wa pili tarehe ya kurudi kliniki, na wa tatu uliandikwa kwa kalamu: mapumziko wiki 8. Nyumbani tuliisoma kama amri. Jirani alisema kitanda kinamaliza mgongo, kwa hiyo godoro likashushwa sakafuni. Ndoo ya haja ndogo ikawekwa kando, na zamu za kumlisha zikapangwa. Mjomba, dereva wa lori aliyezoea kulala Tunduma leo na keshokutwa kuwa Dar es Salaam, akalala chali akihesabu misumari ya bati. Siku ya 19 alipojaribu kusimama, magoti yalimtetemeka kama ya ndama aliyezaliwa jana. Nyumba nzima ikajua kwamba operesheni imeharibika na mzee amepooza.

Hakuwa amepooza. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyemwona wiki ile alimshika mapaja, akamwambia asukume mkono wake kwa unyayo, kisha akatugeukia: "Nani kawaambia alale?" Tukamwonyesha karatasi. Akaisoma, akanyamaza kidogo. Yale yalikuwa mapumziko ya kazini, ile ED (ruhusa ya daktari ya kutokwenda kazini) ya kumpelekea mwajiri. Miguu haikuandikiwa mapumziko.

Misuli ya mtu aliyelala kutwa huanza kupungua ndani ya siku chache tu, na ya mapaja hutangulia. Tulimdhoofisha wenyewe kwa upendo. Tangu hapo nimekuwa nikiwauliza madaktari na wauguzi, na watu waliopitia njia hiyo, kipi hasa mgonjwa anapaswa kutarajia anaporudi nyumbani. Nimegundua kwamba sehemu kubwa ya mateso ya baada ya operesheni huletwa na maelezo yasiyotolewa, mengine yakiletwa na kisu.

Hofu yetu ilianzia kwenye lugha. Kiswahili cha kila siku kina jina moja, uti wa mgongo, kwa vitu viwili tofauti. Kuna mnara wa mifupa, zile pingili: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, na nyingine chini yake zilizoungana mpaka kwenye kifandugu. Halafu kuna kamba laini ya fahamu inayopita ndani ya mnara huo kutoka kwenye ubongo. Vitabu vya sayansi huiita ugwe mgongo, ila sijawahi kumsikia mtu akilitumia jina hilo barazani. Kwa hiyo ukisikia "anapasuliwa uti wa mgongo", picha inayokuja ni ya kisu kikikata kile kinachotufanya tutembee.

Kwa mtu mzima, ugwe mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo zinaning'inia neva nyingi kama nywele, na ndiyo maana wataalamu wa kale waliziita kwa Kilatini mkia wa farasi. Diski zinazosumbua zaidi ni mbili za mwisho kabisa, chini ya pingili ya 4 na chini ya pingili ya 5 ya kiuno. Yaani operesheni nyingi za kiuno hufanyika mahali ambapo ugwe wenyewe umeshakwisha. Hatari ipo, kwa sababu neva inaweza kuumia na ule utando unaozifunika unaweza kutoboka, lakini ugwe haukatwi.

Jambo la pili ambalo familia nyingi hazijui ni aina ya operesheni aliyofanyiwa mgonjwa wao. "Alipasuliwa mgongo" inatosha kwa salamu. Kwa uuguzi haitoshi kabisa, maana masharti hutofautiana mno.

Ya kwanza ni ya kuondoa kipande cha diski. Diski ni mto mdogo kati ya pingili mbili: nje gamba gumu la nyuzinyuzi, ndani ute mzito. Gamba likichanika, ute husukumwa nje na kubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Kwa miaka mingi madaktari waliokuta vinundu hivyo walidhani ni uvimbe wa aina nyingine. Mwaka 1934 William Mixter na Joseph Barr wa Boston waliandika kwamba ni diski yenyewe iliyochanika, na kwamba kuiondoa huondoa maumivu ya mguu. Siku hizi daktari hutumia hadubini, hupasua sentimita chache tu, husogeza misuli na kutoa kile kipande kilichochomoza. Sehemu ya diski iliyobaki anaiacha mahali pake. Mgonjwa anaweza kurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili.

Ya pili ni ya kupanua mfereji, na hufanywa zaidi kwa wenye umri mkubwa. Mifupa na kano zimenenepa kwa miaka, nafasi ya neva imekuwa finyu, na mzee akitembea mita mia moja miguu inakufa ganzi mpaka ainame au aketi. Daktari huondoa sehemu ya mfupa wa nyuma ili neva zipate nafasi.

Ya tatu ni ya kuunganisha pingili. Hii ni safari nyingine kabisa, nitairudia mbele. Ilianza mwaka 1911 jijini New York, pale Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa njia yake, walipounganisha pingili za wagonjwa ambao kifua kikuu kilikuwa kimeila mifupa ya mgongo. Ugonjwa huo bado tunao, na wapo ndugu zetu wanaoambiwa wana "mgongo wa uzee" kumbe ni TB ya mfupa inayotaka vidonge vya miezi mingi pamoja na operesheni au bila operesheni.

Mjomba alifanyiwa ya kwanza. Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa kila mgonjwa aambiwe kabla ya kusaini: operesheni ya diski hufanywa kwa ajili ya mguu. Ule moto unaoanzia takoni, unapita nyuma ya paja, unashuka mpaka kwenye vidole, ndio unaotarajiwa kuzimika. Maumivu ya kiuno chenyewe yanaweza kupungua, yanaweza kubaki, na wiki za kwanza yataongezeka, kwa sababu misuli imesogezwa na mfupa umeguswa. Mtu aliyeingia akitarajia kiuno kipya hutoka akiona ameibiwa, hata kama mguu umepona.

Inasaidia pia kujua operesheni inaongeza nini. Mwaka 2007 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali ya mguu kwa wiki 6 hadi 12. Kundi moja lilipasuliwa mapema. La pili lilisubiri kwa dawa na mazoezi, na asilimia 39 kati yao waliishia kupasuliwa baadaye. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi. Lakini mwaka ulipokwisha, karibu asilimia 95 ya makundi yote mawili walisema wamepona. Kwa wagonjwa wa namna hiyo, basi, operesheni ilifupisha mateso, na mwili wenyewe ulikuwa ukielekea kulekule. Nayaona matokeo hayo kuwa ya kutia moyo kwa aliyelazwa nyumbani: mwili wake uko upande wake.

Nafuu yenyewe haiji yote siku moja. Mara nyingi maumivu ya mguu hutangulia kuondoka, wengine huyakosa wakiamka tu kutoka nusu kaputi. Nguvu hurudi polepole baadaye. Ganzi ndiyo ya mwisho, na kwa baadhi ya watu haiondoki yote. Sababu ni mwendo wa neva wenyewe. Neva iliyoumia ikilazimika kuota upya, huota takriban milimita moja kwa siku. Kutoka kiunoni mpaka kwenye vidole vya mguu kuna zaidi ya nusu mita, piga hesabu mwenyewe. Kwa hiyo mtu aliyekaa miezi mingi akiburuta mguu kabla ya kupasuliwa asishangae kuona mwezi wa tatu bado vidole havinyanyuki vizuri.

Njiani kutakuwa na siku mbaya. Wiki ya pili au ya tatu, mgonjwa aliyekuwa akitembea akicheka anaamka asubuhi na ule umeme wa zamani mguuni. Mara nyingi ni uvimbe unaozunguka neva wakati wa kupona, au amezidisha kazi jana yake. Akipunguza kasi siku mbili tatu, hutulia. Ukizidi kupanda kila siku, au ukaja na udhaifu mpya, hapo arudi kwa daktari, maana kwa wachache diski hiyohiyo huchomoza tena. Makadirio mengi ya tatizo hilo huwa kati ya asilimia 5 na 15.

Siku za wodini zina utaratibu wake. Wagonjwa wengi huamshwa wasimame siku ileile au kesho yake, na ndugu walioketi kando hushtuka wakidhani ni ukatili. Kusimama mapema kunazuia damu kuganda kwenye mishipa ya miguu na kunafungua mapafu. Kama mpira wa mkojo uliwekwa, hutolewa mapema, na wauguzi hutaka kuona mkojo umetoka wenyewe kabla ya kumruhusu mtu. Hapo pia hufundishwa namna ya kutoka kitandani: unajiviringisha mzima kama gogo, mabega na nyonga pamoja, unalala ubavu, unashusha miguu huku mkono ukisukuma godoro. Mjomba alifundishwa, nasi tukaja kumlaza sakafuni ambako kunyanyuka bila kukunja mgongo ni kazi hata kwa mzima. Kitanda cha urefu wa kawaida chenye godoro lisilobonyea ndicho kinachofaa, na alale ubavu na mto katikati ya magoti, au chali na mto chini ya magoti.

Safari ya kurudi nyumbani inastahili kupangwa. Bodaboda hapana. Daladala ya kusimama hapana. Gari dogo, kiti cha mbele kimelazwa nyuma kidogo, dereva ameambiwa kuhusu matuta. Anayerudi mkoani kwa basi achague kiti cha mbele karibu na mlango, na kila linaposimama ashuke anyooshe miguu. Kama inawezekana, alale mjini kwa ndugu siku kadhaa kwanza.

Sasa nyumbani. Masharti ya wiki za mwanzo ni matatu, na wauguzi huyakariri kwa pamoja: usiiname, usibebe, usijipinde. Kwa nini hayo hasa? Wapo waliopima. Miaka ya 1960 Alf Nachemson wa Göteborg, Uswidi, alichoma sindano za kupimia shinikizo ndani ya diski za watu walio hai, akakuta kukaa kunaminya diski kuliko kusimama. Kutokana na kazi yake, vizazi vya madaktari vikakataza wagonjwa kukaa. Mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenzake wa Ulm, Ujerumani, walirudia kwa kifaa kipya kwa mtu mmoja wa kujitolea, wakapata picha tofauti: akilala megapaskali (kipimo cha shinikizo) 0.1, akisimama 0.5, akikaa kwa kujiachia 0.46. Ndiyo maana daktari mmoja atakuambia usikae kabisa na mwingine atakuambia kaa unavyotaka. Mimi nimeishika njia ya kati ambayo wataalamu wengi wa mazoezi huifuata: kaa, lakini dakika 20 au 30, kisha simama utembee. Kiti kiwe kigumu, kirefu, chenye mgongo. Sofa linalokumeza ni la mwezi wa tatu.

Kipimo cha Wilke kilichonigusa zaidi ni cha kubeba. Yule mtu alinyanyua mzigo wa kilo 20. Ndoo yetu ya maji, ile ya lita 20, ina uzito huohuo. Alipouinua akiwa amepinda mgongo na magoti yamenyooka, diski ilipata megapaskali 2.3. Alipochuchumaa akainua kwa magoti, 1.7. Aliposimama tu akiushika karibu na kifua, 1.1. Ile 2.3 ni mara 23 ya kulala! Kila nikiona mama aliyepasuliwa wiki 6 zilizopita akiinama kisimani kujitwika ndoo, namba hizo hunijia. Mwenye jeraha kwenye gamba la diski hapaswi kuwa karibu na ndoo iliyojaa. Mwezi wa kwanza asizidishe kilo 2 au 3, yaani dumu dogo la lita tatu tu. Baada ya hapo daktari au mtaalamu wa mazoezi ampandishe kidogokidogo.

Tatizo ni kwamba maisha yetu yamejengwa chini. Jiko liko chini, beseni la kufulia liko chini, ufagio ni mfupi, mtoto yuko chini analia abebwe, na choo ni cha kuchuchumaa. Kumwambia mwanamke asiiname bila kubadilisha nyumba ni kumtwika lawama. Familia inayotaka kusaidia ifanye kazi kabla hajarudi: jiko lipandishwe juu ya meza au matofali, sufuria na vyombo viwekwe usawa wa kiuno, beseni liwe juu ya stuli, ufagio ufungwe mpini mrefu. Choo kikiwa cha tundu, fundi akate kiti cha plastiki au atengeneze cha mbao chenye tundu katikati, kiwekwe juu. Nimeona kimoja kilichotengenezwa na kijana wa mtaani kwa gharama ndogo tu, na kilimwokoa bibi mmoja na aibu ya kusaidiwa na wajukuu. Mtoto asibebwe. Mama aketi kwanza, mtoto apandishwe na mtu mwingine.

Choo kinaleta jambo jingine ambalo watu huona haya kulisema. Dawa kali za maumivu kama tramadoli na kodeini hufunga choo, na kujikamua kwa nguvu kunauma mgongo vibaya. Maji ya kutosha, papai, mboga za majani na kutembea vianze siku ya kwanza. Siku tatu zikipita bila kitu, aombe dawa ya kulainisha.

Anayeswali ana ruhusa ya dini yake: asiyeweza kusimama aswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa aswali kwa ubavu. Rukuu na sijda kwenye mkeka vinakunja kiuno mpaka mwisho, kwa hiyo wiki za kwanza kiti kinatosha na ishara ya kichwa inatosha. Wazee wengi hukataa kwa kuhisi wanapunguza ibada. Mwambie imamu wa mtaa amtembelee, neno lake lina uzito kuliko la daktari. Kwa wapiga magoti kanisani ni hivyohivyo, aketi.

Kuhusu wageni, nitasema kwa heshima zote. Kumjulia mgonjwa hali ni utu wetu. Lakini wageni wanaoingia saa nne na kutoka saa nane humlazimisha mgonjwa kukaa kwa adabu muda wote huo, akitabasamu huku mguu unawaka. Wenyeji wawe na ujasiri wa kusema, "Mgonjwa anaamka kutembea sasa, twende naye." Mgeni aliyemsindikiza mpaka kwenye mwembe na kurudi amemfanyia dawa.

Kutembea ndiyo dawa kubwa ya miezi hiyo. Wiki ya kwanza ni dakika 5 hadi 10 ndani ya uwanja, mara nne au tano kwa siku, kwenye sehemu tambarare na viatu visivyoteleza. Kila siku mbili tatu unaongeza kidogo. Wengi hufikia nusu saa kwa mkupuo wiki ya 4 au ya 6. Ukiamka kesho yake na maumivu ya uchovu wa misuli, endelea. Ukiamka na maumivu ya mguu yaliyozidi, rudi kiasi cha juzi. Mazoezi ya kukaza tumbo na mgongo huja baadaye kwa kufundishwa, na ningemwomba kila mtu asikose miadi hiyo ya fiziotherapia hata kama anajisikia mzima. Ndiyo sehemu ya tiba inayoachwa zaidi, kwa sababu nauli imekwisha au kwa sababu inaonekana kama mchezo.

Kidonda chenyewe hakina maajabu: kikae kikavu, nyuzi zikitolewa hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na kisilowekwe kwenye maji mpaka kifunge. Mambo ya mke na mume yanasubiri kati ya wiki 2 na 6, na mgonjwa awe yule asiyefanya kazi.

Kukandwa na kuchuliwa ni habari ndefu zaidi. Kila mtaa una mchuaji mwenye sifa zake, na ndugu wanaweza kumleta kwa mapenzi mema kabisa. Wiki za kwanza asiguse. Kidonda kibichi kikikandwa kwa maji ya moto na mafuta hufunguka na kuingiza vijidudu, na pingili ambayo mfupa wake umepunguzwa haitaki mtu wa kuivuta "irudi mahali pake". Hakuna kilichotoka mahali pake. Vilevile sindano na vidonge vya diklofenaki vinavyonunuliwa dukani bila cheti: vikitumiwa wiki baada ya wiki vinaweza kutoboa tumbo na kuumiza figo, hasa kwa mzee mwenye presha. Anayepungukiwa nafuu arudi kwa aliyempasua, aongezewe au abadilishiwe kwa mpango.

Waliounganishwa pingili wana hesabu yao. Skrubu na vyuma vya titani anavyowekewa mtu ni sawa na zile fito zinazoshikilia zege mpaka likauke. Kinachounganisha kweli ni mfupa wake mwenyewe, uliopandikizwa mara nyingi kutoka kwenye pingili au nyongani, na unahitaji miezi 6 hadi 12 kushika. Asiposhika, vyuma hulegea au hukatika, kwa sababu hakuna chuma kinachovumilia kukunjwa milele. Hapa ndipo sigara inapokuwa adui wa moja kwa moja: nikotini hupunguza damu inayolisha mfupa mpya, na wavutaji hushindwa kuunga mara nyingi zaidi. Ugoro nao una nikotini. Madaktari wengi pia huzuia diklofenaki na ndugu zake miezi ya mwanzo, kwa tahadhari kwamba zinaweza kuchelewesha mfupa. Mkanda wa kiuno, kama umeandikiwa, huvaliwa kwa muda uliotajwa, maana ukivaliwa mwaka mzima misuli hulala. Na eneo lililounganishwa halitakunjika tena, kwa hiyo atajifunza kufunga kamba za viatu upya.

Zipo dalili ambazo hazisubiri tarehe ya kliniki, hata usiku wa manane. Mkojo kukataa kutoka au kutoka bila kujijua, haja kubwa kuponyoka, ganzi sehemu za siri na pale unapokalia, miguu yote miwili kulegea. Hiyo ni dharura ya saa, kwa sababu ule mkia wa farasi unabanwa na ukichelewa haurudi. Homa pamoja na kidonda kinachozidi kuwa chekundu, kutoa usaha au kuuma zaidi wiki ya pili kuliko ya kwanza, ni maambukizi mpaka ithibitishwe vingine. Majimaji maangavu kama maji yanayolowesha bandeji, pamoja na kichwa kinachopasuka ukikaa na kutulia ukilala, huashiria utando uliotoboka. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, au pumzi ikakata ghafla na kifua kikachoma, ni damu iliyoganda. Asianze kwa kukandwa, apelekwe. Hospitali yoyote kubwa iliyo karibu ni mahali pa kuanzia, hata kama operesheni ilifanyika Muhimbili au Nairobi.

Na kazi? Wa mezani wengi hurudi kati ya wiki ya 2 na ya 6 baada ya operesheni ya diski, wakianza nusu siku. Wabeba zege, wakulima na makuli huhitaji wiki 8 hadi 12, na waliounganishwa pingili miezi 3 hadi 6 au zaidi. Wengi hawana mwajiri wa kumpelekea karatasi, na genge likifungwa miezi miwili nyumba inalala njaa. Kwa hiyo hesabu ya chakula ipangwe kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, pamoja na ile ya dawa. Ni sehemu ya matibabu.

Udereva una masharti ya ziada. Asiendeshe akiwa bado anatumia tramadoli, na asiendeshe mpaka mguu uweze kukanyaga breki ghafla kwa nguvu zote bila kusita. Kwa lori kuna mtikisiko wa kiti kwa saa nyingi, ambao ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa na ugonjwa wa mgongo wenyewe.

Mjomba alirudi barabarani mwezi wa tano baada ya operesheni. Tulipomnyanyua kutoka sakafuni alianza upya, hatua kumi mpaka mlangoni, kisha mpaka kwenye bomba la jirani, kisha mpaka msikitini na fimbo. Njia ya Tunduma ina zaidi ya kilomita 900 na zamani aliikata kwa kusimama mara mbili tu. Sasa husimama Chalinze, Mikumi, Iringa na Makambako, anashuka kwa kutanguliza mgongo huku ameshika ngazi, anazunguka lori mara tatu akigonga matairi kwa nyundo. Utingo ndiye anayepanda kufunga turubai. Kidole gumba cha mguu wa kushoto bado kina ganzi.